Ukiona kiwavi usiyemjua



Msimu wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, majani hupungua na viwavi huonekana kwa urahisi: kwenye mashina ya miti, kuta za nyumba, kuni na hata nguo zilizoanikwa. Wengi hawana madhara. Wachache wana manyoya yanayowasha sana. Ni muhimu kumtambua kabla mtoto hajamshika.

Je, ni kiwavi kweli?
Mtazame bila kumgusa. Kiwavi ana jozi 3 za miguu myembamba karibu na kichwa, na nyuma yake miguu minene na laini isiyozidi jozi 5. Mwenye jozi moja ya miguu kwa kila pingili, mwili mzima, ni tandu, naye huuma.

Je, ana manyoya au miiba?
Mhesabu kuwa ni wa hatari, hata akiwa amekufa. Manyoya yake huendelea kuwasha. Kifukofuko chake pia kisishikwe.

Je, hana manyoya na yuko kwenye mahindi ya bondeni?
Huenda ni kiwavijeshi vamizi, aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016. Ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa 4 yaliyopangika kama mraba karibu na mkia. Huyu hadhuru ngozi, hula mazao. Mwarifu bwana shamba.

Kiwavi mwenye manyoya akikugusa:
1. Usijikune wala kusugua.
2. Mwondoe kwa kijiti, si kwa mkono mtupu.
3. Bandika selotepu au plasta palipoguswa, kisha ibandue ili inase manyoya.
4. Osha kwa sabuni na maji mengi. Fua nguo ulizovaa.
Usipake mafuta ya taa wala majivu.

Nenda zahanati mara moja ikiwa uso au midomo imevimba, au mtu anapumua kwa shida. Manyoya yakiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mengi, usilisugue, kisha nenda zahanati.

Je, analiwa?
Wengi waliotoka Kongo wamekula mbinzo tangu utotoni. Lakini kiwavi wa hapa anayefanana na wa nyumbani si lazima awe yuleyule. Kama humjui yeye na mti anaoula, usimpike.

Wazazi, waambieni watoto: kiwavi hutazamwa kwa macho, hashikwi.