Kabla ya kupakia mahindi, kagua kiungio cha tela

KUANZIA Juni hadi Agosti, mahindi yanapokuwa yamekauka shambani, barabara za kuingia Songea kutoka Peramiho, Namtumbo na Madaba hupitiwa na matrekta na pawatila zinazovuta matela. Kwa familia nyingi za Ruvuma, mahindi hayo ndiyo ada ya shule, bati la nyumba na chakula cha mwaka. Na juu ya magunia, mara nyingi, wamekaa watoto na mama zao wanaorudi nyumbani.

Mzigo wote huo hushikwa na kiungio kimoja kati ya tela na chombo kinachovuta. Kikiachia mlimani, tela hubaki bila dereva, na mengi hayana hata breki. Linaweza kurudi nyuma kwa wanaolifuata kwa miguu, au kupinduka na kuwaangushia watu magunia ya kilo 100. Hapo ndipo hutokea kuvunjika nyonga na mapaja, kubanwa kifua na kuumia uti wa mgongo. Kwa hiyo uamuzi wa kiungio kipi kifungwe si wa fundi peke yake. Ni suala la afya ya familia.

Anza na uzito

Kosa la kwanza ni kuchukua kiungio kilichopo gereji bila kupiga hesabu. Magunia 30 ya kilo 100 ni tani 3. Kama tela tupu lina kilo 800, unavuta kilo 3,800. Gunia likiwa la lumbesa, uzito unazidi hapo.

Linganisha jumla hiyo na uwezo wa vitu vinne: chombo kinachovuta, kiungio, pini na tela lenyewe. Kile chenye uwezo mdogo kuliko vyote ndicho kinachoamua. Kiungio cha tani 3 hakiongezi uwezo wa pawatila iliyoundwa kuvuta tani moja. Uwezo wa chombo umeandikwa kwenye kitabu chake, na viungio vya kiwandani huwa na namba ya uzito iliyogongwa kwenye chuma. Kisicho na namba, usikiamini kwa mzigo mkubwa.

Trekta: funga chini

Trekta lina chuma maalumu cha kuvutia, kilichopo chini nyuma, chini ya usawa wa ekseli. Tela lifungwe hapo tu. Wapo wanaofunga juu zaidi, kwenye mkono wa kuinulia jembe, kwa sababu tela lao lina shingo ndefu au ili kupata urahisi wa kukata kona. Ni hatari kubwa. Trekta likivuta kwa nguvu huku limefungwa juu ya ekseli, magurudumu ya mbele huinuka na linaweza kupinduka kinyumenyume kwa chini ya sekunde mbili. Dereva hapati muda wa kuruka. Kama shingo ya tela hailingani na chuma cha kuvutia, peleka tela likarekebishwe.

Pini isiwe nondo

Pini nzuri ni ya chuma kigumu, ina kichwa juu na tundu la klipu chini. Inaingizwa kutoka juu, ili hata klipu ikipotea uzito wake uiweke mahali pake. Unene wake ulingane na tundu. Pini nyembamba hugonga kila tela linaposukuma na kuvuta, na baada ya muda tundu hupanuka na kuwa kama yai. Kipande cha nondo ya ujenzi si mbadala, kwa kuwa ni chuma laini kinachopinda. Msumari uliokunjwa nao si klipu.

Wenye pikapu hutumia kiungio chenye kichwa cha mviringo kama mpira. Hapa angalia kipimo. Vipo vya milimita 50, na vipo vya inchi 1 na 7/8, ambavyo ni kama milimita 48. Kichwa kidogo ndani ya kikombe kikubwa huonekana kimefunga vizuri, kisha huchomoka kwenye tuta. Kipimo kimeandikwa kwenye kichwa na kwenye kikombe. Visome vyote viwili.

Ongeza minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya shingo ya tela. Kiungio kikiachia, shingo itadakwa na minyororo badala ya kuchimba barabara. Iwe mirefu kiasi cha kuruhusu kona, lakini isiburuzike.

Wakati wa kupakia tela la magurudumu mawili, uzito uzidi kidogo mbele ya ekseli. Ukizidi nyuma, shingo inainuka na tela linayumba.

Linda mikono ya watoto

Ajali nyingine hutokea kabla ya safari, wakati wa kufunga. Mtoto huitwa ashike shingo ya tela huku trekta likirudi nyuma. Asisimame mtu yeyote katikati. Dereva arudi taratibu, asimame, avute breki na kuzima injini, ndipo mtu mzima aingize pini. Shingo nzito inuliwe kwa jeki, isiinuliwe kwa mgongo.

Kidole kikikatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Kipande kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu kama ipo. Kisigusane na barafu moja kwa moja. Wahi hospitali. Aliyeangukiwa na tela na kulalamika shingo au mgongo asiburuzwe wala kukalishwa. Abebwe amelala, kwenye ubao au mlango, kichwa kikiwa kimeshikwa.

Hata kiungio kikiwa bora, tela ni la mizigo. Watu warudi kwa usafiri mwingine, au safari ya pili iwe yao ndani ya gari. Na kabla ya safari ya kwanza ya msimu, kubalianeni nyumbani jambo moja: yeyote atakayeona pini haina klipu, awe baba, mama au mtoto wa darasa la nne, ana haki ya kusema trekta lisiondoke.