Wino wa kuchapisha viungo vya mwili ungali kitendawili

KUCHAPISHA tishu za mwanadamu kwa mashine si ndoto tena, lakini wino wa kazi hiyo ungali unawatoa wanasayansi jasho.

Wino wenyewe ni jeli ambayo sehemu yake kubwa ni maji, iliyochanganywa na chembechembe hai. Aina moja hutokana na mwani wa kahawia, nayo huganda papo hapo ikikutana na kalsiamu.

Tatizo ni kuwa wino laini huzifaa chembechembe, ila umbo huporomoka mithili ya uji uliomwagwa mezani. Ukifanywa mzito, umbo husimama, lakini chembechembe huumia zikisukumwa kwenye sindano nyembamba.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walipata njia ya kulikwepa. Wao huchapisha ndani ya chombo kilichojaa jelatini, ambayo hulishikilia umbo lisianguke. Kazi ikikamilika, joto hupandishwa hadi nyuzi 37, sawa na la mwili, na jelatini hiyo huyeyuka ikaondoka. Mnamo 2019 walitangaza kwamba walikuwa wamechapisha sehemu za moyo kwa kolajeni, protini inayoshikanisha tishu za mwili.

Hata hivyo, moyo mzima wa kupandikizwa haujapatikana. Oksijeni hupenya takriban milimita 0.2 pekee ndani ya tishu. Pasipo mishipa ya damu chembechembe za katikati hufa, na mishipa midogo zaidi ni myembamba kuliko unywele.