Fahamu: Urani ya Katanga ilivyofika Hiroshima

Marekani inayoyamezea mate madini ya Kongo leo si mgeni Katanga, kusini mwa nchi hiyo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji Union Minière, alihofia urani ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ingeangukia mikononi mwa Wajerumani. Akasafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York, zikalala ghalani Staten Island ndani ya mapipa ya chuma.

Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani, aliyekuwa akitafuta urani ya bomu la atomiki, alimfuata Sengier ofisini. Makubaliano ya mauzo yaliandikwa papo hapo kwenye karatasi ya njano.

Urani hiyo ilichangia sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Vita vilipokwisha, Washington iliendelea kuinunua, Wasovieti wasiipate. Sengier alipewa nishani. Wakongo walioyachambua mawe ya urani hiyo kwa mikono hawakupewa hata maelezo.