Je, Wajua? Hekalu la Mawe Yaliyovuka Bahari Mara Mbili

Neasden, kaskazini magharibi mwa London, si mtaa wa kusifiwa kwa uzuri. Barabara ya North Circular inanguruma magari usiku na mchana. Kandokando yake kuna maghala, duka kubwa la samani na safu za nyumba za matofali zilizobanana. Katikati ya hayo imechomoza minara saba myeupe, yenye nakshi kuanzia kitakoni hadi kileleni. Ni minara ya Shri Swaminarayan Mandir, hekalu la Kihindu lililofunguliwa tarehe 20 Agosti 1995.

Mgeni akifika pale huuliza liligharimu kiasi gani. Fundi huuliza jingine: limesimamaje? Katika hekalu zima hakuna mhimili wa chuma wala nguzo yenye nondo. Jiwe limekalia jiwe, kutoka sakafuni hadi kwenye ncha ya mnara, kama walivyojenga waashi wa Gujarat na Rajasthan karibu miaka elfu moja iliyopita. Na hili lilijengwa Ulaya, katika miaka ya 1990, wakati jengo la kawaida mjini lilikuwa halifikiriki bila chuma.

Mawe yenyewe yalianzia mbali. Ya nje ni mawe ya chokaa kutoka Bulgaria, tani 2,828. Ya ndani ni marumaru, na sehemu kubwa yake, kama tani 2,000, ilitoka Italia. Lakini hayakwenda London moja kwa moja. Yalipakiwa melini kwenda India, yakagawanywa kwenye karakana mbalimbali, na mafundi zaidi ya 1,500 wakayachonga kwa nyundo na patasi. Kisha yakarudi baharini, safari hii yakiwa vipande 26,300, kila kimoja na namba yake, kuelekea Uingereza. Jiwe lililochimbwa Ulaya lilizunguka hadi India ili lije kujengwa Ulaya.

Mzunguko huo una sababu. Ustadi wa kuchonga mahekalu haukuwa Bulgaria wala Uingereza. Ulikuwa kwa familia za India magharibi zinazorithishana kazi hii baba kwa mwana, na maarufu kati yao ni akina Sompura. Prabhashankar Sompura ndiye aliyesanifu upya hekalu la Somnath, lililozinduliwa mwaka 1951 baada ya India kupata uhuru. Mjukuu wake, Chandrakant Sompura, ndiye msanifu wa hekalu la Neasden, na baadaye wa hekalu la Ram huko Ayodhya lililofunguliwa Januari 2024. Kusafirisha tani elfu kadhaa za mawe hadi walipo mafundi ilikuwa rahisi kuliko kuhamisha mafundi elfu moja na mia tano, familia zao na karakana zao.

Sasa turudi kwenye swali la fundi. Jiwe lina nguvu kubwa sana likikandamizwa na udhaifu mkubwa likivutwa. Liweke chini ya mzigo wa tani nyingi, litatulia. Lilaze juu ya nguzo mbili zilizoachana sana, upande wake wa chini utavutika, utapata ufa, na jiwe litakatika. Zege la kisasa huponywa udhaifu huo kwa nondo, kwa sababu chuma huvumilia kuvutwa. Asiyetumia nondo hana budi kupanga jengo lote ili kila jiwe likandamizwe tu, lisivutwe. Mwashi wa Lamu wa zamani alibanwa na sheria ya aina hiyo: upana wa chumba chake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko.

Ndiyo maana ndani ya hekalu kuna nguzo 193. Mgeni huziona kama pambo, na kweli kila moja imejaa maua, wanyama na sura za miungu, lakini kwanza ni hesabu. Nguzo zikikaribiana, mawe yanayolala juu yake huwa mafupi, na jiwe fupi halikatiki kirahisi. Kati ya nguzo na nguzo kumewekwa matao membamba yaliyochongwa kama mashada ya maua, ambayo huitwa torani. Nayo hupendeza macho huku yakiongeza ugumu wa fremu.

Kazi kubwa kabisa iko kwenye kuba la katikati. Halikujengwa kama kuba la matofali tulilozoea kuliona misikitini, ambamo kila tofali limeinamishwa kuelekea katikati. Mawe ya hapa yamelazwa tambarare, duru juu ya duru, na kila duru imetokeza ndani kidogo kuliko iliyo chini yake. Tundu la juu linazidi kupungua hadi linafungwa. Kinachozuia duru isidondoke ni kwamba mawe yake yamekatwa kama kabari: upande wa ndani mwembamba, wa nje mpana. Kila jiwe likitaka kuangukia ndani linambana jirani yake wa kulia na wa kushoto, na duru nzima inajifunga yenyewe. Uzito ambao ungeliangusha kuba ndio unaolikaza. Kwangu mimi hapa ndipo penye akili kubwa kuliko pote katika jengo hili, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya picha huishia kwenye nakshi.

Kwa nini kukataa chuma, ilhali kipo na ni rahisi? Wafuasi hujibu kwa elimu ya kale ya Kisanskriti ya ujenzi, shilpashastra, inayotoa vipimo vya hekalu na vitu vinavyofaa kulijengea. Katika mapokeo hayo chuma hakina nafasi kwenye nyumba ya mungu. Lakini ipo pia sababu ambayo mkazi yeyote wa pwani yetu anaifahamu kwa macho. Chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Nondo ikishavimba ndani ya nguzo hupasua zege kutoka ndani, plasta inabanduka, vyuma vyekundu vinachungulia. Mombasa na Dar es Salaam zina maghorofa ya namna hiyo ambayo hayajafikisha hata miaka sitini. Jengo lisilo na chuma halina ugonjwa huo. Waliojenga Neasden walikuwa wakihesabu karne.

Uzito wote huo ulihitaji msingi wa kuaminika. Novemba 1992 zege tani 4,500 lilimwagwa kwa saa 24 mfululizo, likawa bamba moja lenye unene wa futi 6. Wakati ule kazi hiyo ilihesabiwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa za kumwaga zege kuwahi kufanywa Uingereza. Jiwe la kwanza la kuta likawekwa Juni 1993. Kutoka hapo hadi ufunguzi ni miaka miwili na ushei. Ujenzi ulikwenda haraka kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imekwisha fanywa India. Pale London ilikuwa kutafuta namba, kuinua, kulinganisha na kukalisha.

Na walioinua wengi hawakuwa waashi. Walikuwa wahasibu, wenye maduka, wauguzi, madereva, wanafunzi na akina bibi, waliojitolea jioni na siku za mapumziko. Gharama inayotajwa ni pauni milioni 12, na ilitoka kwenye michango ya waumini. Watoto walikusanya makopo ya soda wakayauza kwa uzito wa alumini, fedha zikaingia kwenye mfuko wa ujenzi.

Hapa ndipo hadithi hii inapotuhusu sisi moja kwa moja, maana wengi wa watu hao walitoka kwetu. Babu zao waliacha Gujarat, wakavuka bahari hadi Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Wengine walifika na majahazi ya biashara muda mrefu kabla ya ukoloni, wengine wakaja kipindi cha reli ya Uganda iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, wakafuata njia ya reli wakifungua maduka hadi Kisumu, Jinja na Kampala. Katika jumuiya hiyo walikuwamo wafuasi wa Swaminarayan, mtawa aliyeishi kati ya 1781 na 1830 na ambaye waumini wake humwabudu kama Mungu. Tawi lililojenga hekalu la Neasden, BAPS, liliasisiwa Gujarat mwaka 1907. Mwaka 1955 kiongozi wake wa wakati huo, Yogiji Maharaj, alifika Afrika Mashariki na kuzindua hekalu mjini Mombasa.

Halafu ardhi ikaanza kutikisika chini yao. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na maelfu ya Wahindi wenye pasi za Uingereza wakaanza kufunga mizigo. Mwaka uliofuata Uingereza nayo ikapitisha haraka haraka sheria ya kuwapunguza watu hao hao, ingawa pasi walizoshika ilitoa yenyewe. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Watu wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza. Waliruhusiwa kuondoka na fedha kidogo sana. Nyumba, viwanda na maduka vilibaki.

Tusiseme hili kwa kupita tu. Katika miji yetu ulikuwapo ubaguzi wa rangi wa kikoloni uliompa Mhindi daraja juu ya Mwafrika, na machungu ya mwenye duka na mteja wake yalikuwa ya kweli. Lakini kumfukuza mtu aliyezaliwa Jinja, ambaye baba yake naye kazaliwa Jinja, na kumwambia arudi kwao, ni dhuluma, na kumbukumbu yake bado ipo katika familia nyingi za Wembley na Leicester. Athari za kuishi kwao Afrika Mashariki hazijafutika pia. Kwenye migahawa ya Wembley muhogo wa kukaanga umo katika orodha ya vyakula, na wazee waliokulia Nairobi na Kampala bado wanaongea Kiswahili.

Waumini wa Swaminarayan waliofika London hawakuanza na marumaru. Mwaka 1970 walikuwa wakiabudu Islington, katika jengo lililokuwa kanisa na kuachwa. Mwaka 1982 wakahamia Neasden, kwenye lililokuwa ghala. Miaka 13 baadaye wakafungua hekalu la mawe huko huko Neasden. Mimi nauona uamuzi wa kutumia jiwe kuwa na uzito wa pekee. Jumuiya iliyovuka bahari mara mbili, na mara ya pili kwa kulazimishwa, ingeweza kuridhika na ukumbi wa bati na zege, kitu cha bei nafuu kinachouzika. Ikachagua kujenga kitu kizito kuliko vyote, kisichoweza kuhamishwa wala kugeuzwa kuwa ghala.

Kando ya hekalu kuna haveli, jengo la mikutano na ibada za pamoja, na hapo ni mbao zinazotawala: mwaloni wa Uingereza na mtiki wa Burma, iliyochongwa tausi, maua na tembo. Aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar atahisi anaufahamu mkono huo, kwani milango ya Kigujarati ya mtiki inayokunjwa vipande vipande ilifika kwetu na wafanyabiashara wa pwani ile ile.

Baada ya London, kazi ya aina hii ilienea. Mwaka 1999 Nairobi ilipata hekalu lake la mawe ya kuchongwa, kwenye barabara iliyoitwa Forest Road wakati huo, na ukilitazama utagundua halifanani rangi na la Neasden. Ni la mawe ya mchanga ya manjano kutoka Jaisalmer, Rajasthan. Tofauti hiyo ina maana, kwani hali ya hewa ndiyo inayopima jiwe. Adui wa jiwe London ni baridi: maji yakiingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kuganda, hutanuka kwa takriban asilimia tisa, na majira baada ya majira humega uso wa nakshi. Jiwe la huko linatakiwa liwe zito, lisilonyonya maji. Nairobi haina barafu, hivyo jiwe la mchanga linakaa salama.

Abu Dhabi ni mtihani mwingine. Hekalu la huko, lililofunguliwa Februari 2024 kwenye ardhi iliyotolewa na mtawala Mohamed bin Zayed, limejengwa kwa jiwe la mchanga la waridi kutoka Rajasthan, linalostahimili joto la jangwani ambalo wakati wa kiangazi hukaribia nyuzi 50. Nalo pia limejengwa bila chuma, na lina minara saba, mmoja kwa kila emirati. Ila mafundi wa sasa wameongeza kitu ambacho Sompura wa zamani hakuwa nacho: ndani ya msingi na kuta wamezika vihisi zaidi ya 300. Vinapima joto, mkandamizo na mitetemo ya ardhi, ili wahandisi waweze kufuatilia kwa miaka mingi jinsi jiwe linavyoubeba mzigo wa jiwe mwenzake.