Kila Asilimia Ni Mshahara wa Mwezi: Kupima Fidia ya Ajali Kazini

Mfanyakazi wa Kenya aliyekatwa vidole na mashine huonyeshwa njia tatu, na kila njia ina mpigadebe wake. Bosi anataka wamalizane hapo hapo kiwandani. Jamaa mmoja nje ya lango anamjua wakili. Afisa wa leba anamwambia ajaze fomu, asubiri. Wote wanataja pesa, ila ni nadra kusikia mmoja wao akieleza zinavyohesabiwa. Hesabu yenyewe ni fupi, na anayeijua huweza kupima ofa yoyote kabla hajashika kalamu.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ile ambayo wengi huiita WIBA, inalipa ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 kwa mapato ya miezi 96. Ulemavu ulio chini ya hapo hulipwa kwa kadiri yake. Chukua mapato ya mwezi, zidisha kwa 96, kisha utafute asilimia uliyopewa ya jibu hilo. Fundi anayelipwa Sh30,000 akipewa asilimia 30, haki yake ni Sh864,000.

Ukiigeuza hesabu hiyo unaona jambo ambalo halisemwi sana: asilimia moja tu ni karibu mshahara mzima wa mwezi. Kwa fundi huyu ni Sh28,800. Mvutano wote wa fidia basi uko kwenye namba mbili, asilimia ya ulemavu na mapato ya mwezi. Njia zote tatu zipimwe kwa hizo.

Kumalizana na bosi

Sifa ya njia hii ni haraka. Tuseme bosi anatoa Sh250,000, pesa taslimu, leo. Kwa mtu mwenye kodi ya nyumba na karo, kiasi hicho ni kikubwa. Lakini gawanya kwa Sh28,800: bosi ameuhesabu mkono wako kama ulemavu usiofika asilimia 9. Kama daktari ameandika 30, umeachia Sh614,000 mezani.

Pesa hizo huja na karatasi, na chini yake kuna sentensi ya kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho, na huna dai lingine. Sheria haimruhusu mfanyakazi kujivua haki ya fidia kwa mkataba wa namna hiyo. Hata hivyo, sahihi yako ikishakaa pale, wewe ndiye utakayelazimika kuhangaika ofisi hadi ofisi kuthibitisha kwamba hukulipwa ipasavyo.

Usitishwe pia na neno la “ulikosea mwenyewe.” Fidia hii haidai uthibitishe kosa la mwajiri. Uzembe wa kawaida wa mfanyakazi haumfutii haki. Hata pale mtu alipokiuka utaratibu kwa makusudi, ulemavu mkubwa wa kudumu bado hulipwa.

Kupitia Idara ya Usalama na Afya Kazini

Hapa gharama kubwa ni muda. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa idara ndani ya siku 7, nawe una miezi 12 ya kuwasilisha dai. Dai likishafika, kampuni ya bima ina siku 90 za kulipa, ingawa wengi hungoja zaidi. Huhitaji wakili ili kufungua dai.

Kazi yako ni kuikagua fomu. Mwajiri hujaza sehemu yake na daktari yake. Anza na mapato. Sheria inahesabu ovataimu ya kila mara pamoja na thamani ya chakula au nyumba unayopewa na mwajiri. Haihesabu ovataimu ya kubahatisha wala marejesho ya matumizi. Mwajiri akiandika Sh18,000 za mshahara mtupu wakati wewe hupokea Sh30,000 kila mwezi kwa ajili ya ovataimu ya kudumu, fidia ya asilimia 30 inashuka hadi Sh518,400. Umepoteza Sh345,600, na hakuna aliyegusa ripoti ya daktari. Weka karatasi zako za mshahara na taarifa za benki au M-Pesa za miezi ya kabla ya ajali.

Kisha asilimia. Jedwali la sheria hutaja viungo na viwango vyake, na kupoteza miguu yote miwili au macho yote mawili ni asilimia 100. Jeraha likiathiri kazi yako kuliko kawaida, kama ushonaji kwa fundi cherehani aliyepoteza kidole, Mkurugenzi ana uwezo wa kutoa kiwango cha juu zaidi. Iombe nafasi hiyo kwa maandishi.

Usikubali pia kuchanganyiwa mafungu. Matibabu, nauli ya hospitali na kiungo bandia ni jukumu la mwajiri. Malipo ya wakati unapouguza jeraha, yanayolingana na mapato yako kwa muda usiozidi miezi 12, ni fungu jingine. Hakuna fungu kati ya hayo linalokatwa kwenye hesabu ya miezi 96.

Kupinga na kwenda mahakamani

Desemba 2019 Mahakama ya Upeo ilithibitisha kwamba dai lazima lianzie kwa Mkurugenzi. Anayekuahidi kuruka hatua hiyo na kushtaki moja kwa moja anakuuzia safari isiyofika. Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kuupinga, na jibu la Mkurugenzi lisipokuridhisha, siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba.

Pima kwa faida. Ripoti ya daktari wa pili ikigharimu chini ya Sh28,800, nyongeza ya asilimia moja tu inamrudishia fundi wetu pesa zake. Ila yule jamaa wa langoni akidai theluthi ya Sh864,000, anaondoka na Sh288,000, yaani pointi 10 za ulemavu wako. Wakili naye, Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya kulipwa tu ukishinda kesi. Taka ada yake kwa maandishi mapema.

Mkupuo au pensheni?

Ng’ambo ya mpaka, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania hutoa mkupuo kwa ulemavu usiozidi asilimia 30, na ukizidi hapo hulipa pensheni ya kila mwezi. Aliyelemaa kabisa hupata asilimia 70 ya mapato yake. Mkenya wa hali hiyo hupewa miezi 96 kwa pamoja. Mkupuo huo, ukiutoa polepole kwa kiwango kile cha asilimia 70, unaisha baada ya miaka 11 na miezi 5 hivi, kabla ya kuhesabu riba au kupanda kwa bei. Kijana wa miaka 28 atakuwa na 39. Kwa hiyo mpango wa kugawanya pesa uwepo kabla hazijaingia benki, kabla shemeji na marafiki hawajaleta mawazo yao ya biashara.

Uamuzi

Ofa ya bosi ikilingana na hesabu yako au ikiizidi, ikubali, lakini ipitie kwa Mkurugenzi. Mapato yakiandikwa pungufu, pinga daima. Ushahidi ni karatasi ulizo nazo tayari. Asilimia ikiwa chini kwa pointi moja au mbili, linganisha na gharama za daktari na nauli, huenda isikulipe. Ikiwa chini kwa pointi 10, hiyo ni karibu mishahara 10, na siku 60 za kupinga zinatosha kumwona daktari mwingine.