Leedsichthys: Jina Lililohifadhi Shaka

Leedsichthys, samaki wa bahari za kipindi cha Jurasiki, alipewa jina na Arthur Smith Woodward mwaka 1889. Jina la jenasi linamuenzi Alfred Leeds, mkulima aliyekusanya visukuku karibu na Peterborough, Uingereza. Jina la spishi, problematicus, humaanisha “mwenye utata”, na si bure: mifupa yake ilidhaniwa kuwa mabamba ya dinosaria, mpaka Othniel Marsh alipoitambua mwaka 1888 kuwa ya samaki. Utata haukuishia hapo. Sehemu kubwa ya kiunzi ilikuwa gegedu, ambayo huoza. Hivyo urefu uliwahi kukadiriwa kufikia mita 27. Utafiti wa mwaka 2013 uliushusha hadi mita 16 hivi. Hata hivyo, jitu hili halikuwinda: lilichuja vijiumbe vya majini kwa matamvua.