Vitabu vya Askari wa Simu

Nyinyi mlioko madarasani, fuateni maneno haya kwa kidole.

Leo twazungumza habari za vitabu vidogo ambavyo huchanwa vikafungiwa njugu. Vilitumiwa kufundishia askari kupeleka habari: kwa bendera, kwa taa, kwa kioo cha kumulika jua, kwa simu ya waya na kwa simu ya upepo. Katika vita vya 1939 mpaka 1945, askari wa King's African Rifles walipelekwa Abyssinia, Madagaska na Burma. Vitabu vingi vilikuwa vya Kiingereza, lakini lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili. Askari wa simu hakuweza kazi yake bila kujua kusoma na kuandika. Herufi moja ikikosewa, amri hugeuka.

Unguja si wageni wa mambo haya. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika hapa kutoka Aden mwaka 1879. Ile nyumba ya simu ya Shangani leo ni hoteli.

Ndani ya vitabu hivyo mtaona alfabeti ya Morse, yaani nukta na mistari. Herufi E ni nukta moja tu, kwa sababu katika Kiingereza E hutumika kuliko zote. Sisi hutumia A zaidi, nayo ni nukta na mstari. Hesabuni A zilizomo katika neno KARAFUU. Alfabeti hii haikutungwa na Mswahili!

Jalada likipotea, utajuaje umri wa kitabu? Tafuta ukurasa wa majina ya herufi. Katika simu, B na D husikika karibu sawa, basi kila herufi hupewa neno lake. Ukikuta Ack na Beer kwa A na B, kitabu cha Waingereza hicho ni cha kabla ya 1943 hivi. Able na Baker ni cha wakati wa vita au miaka michache baadaye. Alfa na Bravo yalianza kutumika miaka ya 1950.

Mji Mkongwe una kuta za mawe na chokaa, nazo hushika unyevu, hasa masika. Usiegemeze kitabu ukutani, wala usikiweke sakafuni penye mchwa. Kikilowa, kikaushe kivulini penye upepo; jua kali huharibu karatasi. Pini zenye kutu zitolewe taratibu. Usibandike utepe wa gundi. Wala usifute maandishi ya penseli yaliyo pembeni. Kwangu mimi, kitabu chenye mwandiko wa askari aliyekuwa akijifunza kina thamani kuliko kilicho safi.

Watalii hununua vitu hivi, na kitabu kikiondoka kisiwani habari zake huondoka nacho. Kabla ya kuuza, andika katika karatasi nyingine: kilikuwa cha nani, alitoka kijiji gani, alikwenda vita gani. Mwulize babu maadamu yupo. Na asiyetaka kuuza aulize katika Nyumba ya Nyaraka, Kilimani.